Saa ya Seva Inapokosea: Pima Kosa Kabla ya Kulisahihisha

Anayeambiwa kwamba saa ya seva imekosea mara nyingi hukimbilia kuirekebisha, na kwa kufanya hivyo huufuta ushahidi aliokuwa nao. Kwanza andika wakati sahihi kutoka kwenye simu yako, kisha, ikiwa seva ni ya Linux, andika majibu ya `date`, `date -u` na `hwclock --show`. Amri mbili za mwanzo husoma saa ya mfumo, inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970; ya tatu husoma saa ya maunzi, ambayo huendelea kutembea kwa betri ndogo hata umeme ukikatika.

Ukubwa wa kosa ndio unaoonyesha chanzo chake. Ikiwa `date` imechelewa saa tatu kamili, lakini `date -u` inaonyesha UTC sahihi (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), saa yenyewe ni nzima na kilichokosewa ni mpangilio wa eneo la saa. Amri ya `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` inatosha. Jihadhari na TZ=EAT, yaani kuweka eneo kwa kifupi cha saa za Afrika Mashariki, kwa maana mfumo huandika EAT huku ukionyesha saa za UTC, na jambo hilo huwapotezea watu siku nzima. Ikiwa `date -u` yenyewe imetangulia kwa saa tatu, huenda saa ya maunzi imewekwa kwa saa za hapa nyumbani ilhali mfumo unaihesabu kuwa ni UTC.

Kosa la saa sita ni la kwetu wenyewe. Katika ghala moja hapa Mtwara, msimu wa korosho, nilikuta stakabadhi za mzigo uliopokelewa saa mbili asubuhi zikisomeka 02:00, kwa sababu aliyeiweka saa baada ya umeme kukatika aliandika saa ya Kiswahili kama anavyoitamka. Stakabadhi hizo ni haki ya mkulima, hivyo waelekeze wote wanaoigusa seva kwamba saa mbili asubuhi huandikwa 08:00.

Saa ikirudi miaka mingi nyuma kila seva inapozimwa, shuku betri. Nyingi ni CR2032 ya volti 3.

Kosa linalokua polepole linahitaji subira zaidi. Tazama `chronyc sources`, amri inayoorodhesha vyanzo vya mtandaoni ambavyo programu ya chrony huvitumia kuirekebisha saa: alama ya `^?` mbele ya kila chanzo humaanisha kwamba hakuna kinachotumika, na mara nyingi ni kwa sababu poti ya UDP 123, inayopitisha taarifa za wakati, imezibwa njiani. Anayetumia ntpd, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, akumbuke kwamba, kwa mpangilio wake wa kawaida, programu hiyo hujizima ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1000. Pia husawazisha saa kwa sehemu 500 tu katika milioni, yaani sekunde moja huchukua kama dakika 33, na kwa mwendo huo kosa la saa moja lingehitaji siku 83.

Kwa hiyo kosa kubwa husahihishwa kwa mruko mmoja, kwa `chronyc makestep`. Ikiwa saa itarudishwa nyuma, simamisha kwanza hifadhidata na kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), la sivyo rekodi mpya zitaonekana zimetangulia za zamani. Halafu tumia `hwclock --systohc` kunakili saa ya mfumo kwenye saa ya maunzi, izime seva, uchomoe waya wa umeme kwa dakika chache, uiwashe bila mtandao, na ulinganishe tena amri zile tatu na simu yako.