Umeambiwa umtafute daktari wa ubongo hapa Dar? Anzia hapa

Jamani naandika hii mana tangu baba mkubwa afanyiwe upasuaji wa kichwa kila mwenye mgonjwa ananipigia mimi, na mwanzoni hata mimi nilikuwa sijui pa kuanzia.

Kwanza jua unamtafuta nani, hapa ndo wengi wanapotea. Kuna bingwa wa mishipa ya fahamu, huyu anatibu kwa dawa, kifafa, kipandauso, kutetemeka mikono, hashiki kisu. Alafu kuna bingwa wa upasuaji wa ubongo, mgongo na mishipa ya fahamu. Sikia hapo kwenye mgongo, watu hawajui, ukikaa kliniki utakuta wengi vichwa vyao vizima kabisa ila diski, ile laini ya kati ya pingili za mgongo, imetoka inakandamiza mshipa wa fahamu, maumivu yanashuka toka kiunoni mpaka kidole cha mguu, na hao wengi wanaanzishiwa dawa na mazoezi sio kisu, kwaiyo usikimbie ukidhani kumwona ndo kupasuliwa. Wengine ni vivimbe, walioanguka na bodaboda, watoto wa mgongo wazi na wale wa vichwa vikubwa, hawa maji yanajaa kichwani na wanaweza kuwekewa mrija chini ya ngozi unaoyashusha mpaka tumboni.

Baba mkubwa yeye aliteleza bafuni, akajigonga kidogo tu, akaendelea na maisha. Wiki tatu baadae anamwita mkewe jina la dada yake, anaburuta mguu, nyumbani wanasema uzee, shangazi anasema kuna mkono wa mtu, zahanati moja wakasema presha wakatupa vidonge tukarudi. CT skani, ile picha ya ndani ya kichwa, ndo ikaonyesha damu imevilia taratibu kati ya fuvu na ubongo. Akatobolewa matundu mawili, damu ikatolewa. Siku hizi anakumbuka mpaka elfu hamsini ninayodaiwa toka mwaka juzi. Kwaiyo mzee akibadilika ghafla muulize kama alijigonga, hata kama ni mwezi umepita.

Sasa kumpata. Kama sio dharura njia ni rufaa, anza hospitali ya karibu nawe, mkoa ni Amana, Temeke au Mwananyamala, daktari akiona inahitajika anakuandikia kwenda MOI, yaani Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Hilo jina la taasisi ya mifupa linachanganya watu, wanadhani ni ya waliovunjika miguu tu kumbe ubongo na mgongo viko hapohapo, Upanga ndani ya eneo la Muhimbili. Wa Kimara panda mwendokasi shuka Fire uchukue bajaji. Mwenye bima usiende bila karatasi ya rufaa, utazungushwa dirishani. Binafsi pia wapo, Aga Khan pale baharini kwa mfano, ila uliza kwanza bei ya kumwona daktari na kama bima yako inapokelewa.

Dharura haisubiri rufaa. Mtu kaumia kichwa alafu anatapika tapika, anasinzia hazinduki vizuri, kapata degedege, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyenzake, nenda mapokezi ya dharura saa hiyohiyo. Na mwenye mgongo akianza ganzi sehemu za siri au mkojo ukagoma, ni hivyohivyo, usisubiri kesho. Ikiwa ni ajali ya barabarani itatakiwa fomu ya polisi ya PF3, mtume ndugu mmoja aifuate, nyie kimbizeni mgonjwa.

Yale mabango ya nguzo za umeme, "tunatibu mgongo bila upasuaji", mi siyaamini hata kidogo. Daktari wa kweli yuko kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika na kuulizia usajili wake sio utovu wa adabu.

Siku ya kliniki beba picha zenyewe, filamu au CD, sio ile karatasi ya majibu peke yake, mana hawa madaktari wanataka kuangalia kwa macho yao. CT ni ya haraka na inaonyesha damu na mifupa vizuri, MRI ni ya diski na mishipa, inachukua muda na ina makelele, na kama una chuma mwilini sema kabla hujaingia. Andika dawa zote unazotumia hasa aspirini na za kuzuia damu kuganda, zinaongeza hatari ya kutoka damu nyingi.

Ukiambiwa upasuaji usiitikie tu ndiyo dokta. Muulize nisipofanya itakuwaje, operesheni kama hii ameshafanya ngapi, nitakaa ICU au wodini, ndugu wachangie damu chupa ngapi, jumla ni shilingi ngapi. Hiyo ya mwisho ikikushinda omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaanza kuuza kiwanja, sisi tulimjua wakati baba mkubwa ameshauza pikipiki.