Kuchunguza asili ya bunduki kongwe ya mitutu miwili

Hapa Tanga, bunduki yoyote ya zamani iliyoachwa na babu huitwa ya Mjerumani, na mara nyingi huitwa hivyo kabla mtu hajaitazama chini ya mitutu. Nami nilikua na kauli hiyo. Shotigani ya nyumbani kwetu Ngamiani, iliyosemwa kuwa ni ya msimamizi wa shamba la mkonge, ilipofunguliwa ilionyesha herufi ELG ndani ya umbo la yai, alama ya Liège nchini Ubelgiji.

Kabla ya lolote, hakikisha kwamba umiliki wake unatambuliwa na polisi na kwamba haina risasi. Kisha ondoa kibao cha mbele, yaani kipande cha mbao kilicho chini ya mitutu, fungua bunduki kwenye bawaba yake, na uitoe mitutu. Pangusa sehemu bapa ya chini kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Chumvi ya pwani huleta kutu, na wengi huiondoa kwa msasa. Tafadhali usifanye hivyo, kwa sababu msasa hufuta chapa ambazo ndizo ushahidi wako mkuu. Mulika taa kutoka ubavuni ili kivuli kiingie ndani ya herufi, upige picha ukiwa umeweka rula kando.

Chapa hizo ziligongwa na ofisi za serikali au za chama cha mafundi zilizojaribu nguvu za mitutu. Birmingham nchini Uingereza, iliyoanza kazi hiyo mwaka 1813, ilitumia BP na BV chini ya taji kuanzia 1904, na NP chini ya taji kwa bunduki iliyojaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Ujerumani, kwa sheria ya 1891, iligonga taji juu ya S kwa mtutu wa marisau (vigololi vidogo vya risasi), juu ya W kwa mtutu uliobanwa mdomoni, na juu ya R kwa bunduki iliyojaribiwa upya baada ya matengenezo.

Hapo ndipo marekebisho yanapojulikana. Chapa husema bunduki ilivyokuwa siku ya majaribio, nawe unapima ilivyo leo. Ukikuta W lakini kipenyo cha mdomo ni sawa na cha katikati ya mtutu, yaelekea mtutu umekatwa au umepanuliwa baadaye. Tazama pia midomo yenyewe: bunduki nyingi zilipotoka kiwandani midomo yake iligusana au ilikaribiana sana, kwa kuwa mitutu huelekeana kadiri inavyokwenda mbele, hivyo pengo lililojazwa madini laini ya risasi au bati ni dalili kwamba mitutu ilikatwa kwa msumeno. Urefu wa kawaida ulikuwa inchi 28 au 30, yaani milimita 711 au 762. Chemba nazo, yaani sehemu za nyuma za mitutu zinamokaa risasi, zipimwe, maana nyingi za zamani zilikuwa za milimita 65, na anayezirefusha kufikia 70 bila majaribio mapya hupunguza chuma mahali penye shinikizo kubwa kuliko pote. Usiifyatue bunduki ya namna hiyo.

Linganisha namba ya mitutu, ya mwili na ya kibao cha mbele. Zikitofautiana, vipande vimekusanywa kutoka bunduki mbalimbali. Kama jina la mtengenezaji linasomeka, mwandikie ukiambatisha namba na picha, kwa kuwa kampuni kama Holland & Holland na Westley Richards zimetunza daftari zao za kazi. Bunduki isiyo na jina, kama nyingi za Liège, haina daftari la kuuliza. Kwa upande wa huku, Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya utawala wa Kijerumani.

Wazee waulizwe mwisho, ukiwa tayari na vipimo, na uwaulize jambo mahususi. Yetu ilikuwa na pengo mdomoni. Nilipomuuliza shangazi ni nani aliyeikata, alijibu mara moja kwamba mdomo wa kushoto ulipasuka kwa kuzibwa na tope, na fundi wa mtaani akaikata mitutu yote miwili ili ilingane.