Kulinganisha modeli za nyutrino kwa kikokotoo na kauntabuku

Mara ya kwanza kulinganisha modeli za nyutrino nilikosea, na kosa lenyewe likanifurahisha wiki nzima. Nyutrino ni chembe ndogo mno zisizo na chaji, na θ13 ni moja ya namba zinazoeleza tabia yake. Niliichukua kutoka jedwali la NuFIT, wale wanaojumlisha majaribio yote ya dunia, nikachanganya na kipimo cha Daya Bay, jaribio la nyutrino huko China. Kosa la kipimo, yaani ukubwa wa shaka iliyomo ndani yake, likapungua, na modeli niliyokuwa siipendi ikafa. Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: "Hao NuFIT namba yao wameitoa wapi?" Kwa sehemu kubwa, Daya Bay. Nilikuwa nimemsikiliza shahidi mmoja mara mbili. Basi anza hapo: chagua chanzo kimoja cha data, kiandike juu ya ukurasa, usikichanganye na kitu ambacho tayari kimo ndani yake.

Pili, andika utabiri wa kila modeli kabla hujafungua jedwali la data. Mimi hutumia kalamu, si penseli, kwa sababu najijua.

Nyutrino zina aina tatu na hubadilika aina zikiwa safarini. Mchanganyiko huo unapimwa kwa pembe tatu: θ12, θ23 na θ13. Mwaka 2002 Harrison, Perkins na Scott walipendekeza mpangilio unaoitwa TBM (kifupi cha Kiingereza tri-bimaximal): sin²θ12 ni 1/3, sin²θ23 ni 1/2, θ13 ni sifuri. Ulipendwa miaka kumi. Machi 2012 Daya Bay wakatangaza kwamba θ13 si sifuri. Leo sin²θ13 ni kama 0.022, kosa lake karibu 0.0006. Gawanya: umbali kutoka sifuri ni zaidi ya sigma 36, sigma moja ikiwa ni ukubwa wa kosa la kipimo. Hapo takwimu hazina kazi, ni kuzika tu.

Kazi ipo kwa watoto wa TBM, modeli mbili zinazoitwa TM1 na TM2. Pembe zote tatu huandikwa pamoja kwenye matriki, jedwali la namba la mchanganyiko. TM1 inabakiza safu wima ya kwanza ya matriki ya TBM, TM2 inabakiza ya pili. Zote mbili zinaiacha θ13 huru, kisha zinakupa θ12:

TM1: sin²θ12 = 1 − 2/(3cos²θ13), yaani 0.318
TM2: sin²θ12 = 1/(3cos²θ13), yaani 0.341

Sasa fungua data. NuFIT ya 2024 inatoa 0.308, kosa karibu 0.012. TM1 iko umbali wa sigma 0.8, TM2 iko sigma 2.75. Wengi huishia hapa na kuandika "TM2 imekataliwa". Usiishie hapa. Imekataliwa ukiilinganisha na nani?

Mpinzani ninayemheshimu ni modeli ya vurugu, iliyotolewa na Hall, Murayama na Weiner mwaka 2000. Inasema hakuna mpangilio wowote. Matriki imechotwa tu kama karata zilizochanganywa vizuri. Hisabati yake ina matokeo mazuri: sin²θ12 inaweza kuangukia popote kati ya 0 na 1, kila sehemu kwa nafasi sawa. Kwa hiyo haikosei kamwe, ila pia haijathubutu kusema chochote. Kanzu ya dukani ikikukaa sawasawa utashangaa, lakini ile aliyokupimia fundi lazima ikukae. Vurugu ni kanzu pana inayomwenea kila mtu, na upana huo una gharama yake.

Gharama inahesabika. Chukua z, umbali kwa sigma. Tafuta e kwa kipeo cha −z²/2, kisha gawanya kwa 2.507 mara sigma. Jibu ni mara ngapi data zinaipendelea modeli yako kuliko vurugu. Ndio uwiano wa Bayes. Kwa TM1 inatoka kama 23. Kwa TM2 inatoka 0.76. Tulia uitazame hiyo 0.76. Modeli iliyo sigma 2.75 kutoka kwenye kipimo imekaribia kutoka sare na vurugu, kwa sababu ilithubutu kutaja namba moja na haikukosea mbali sana.

Novemba 2025 JUNO, jaribio jingine la nyutrino kusini mwa China, wakatoa matokeo yao ya kwanza: 0.3092, kosa 0.0087. Nikarudia hesabu kwa data za JUNO peke yake. TM1 inapata kama 27. TM2 imeanguka hadi karibu 0.06, maana yake vurugu sasa inaipita kama mara 17. Kipimo hakikusogea sana, kosa ndilo lililopungua. Hii ndiyo sababu nasubiri JUNO kuliko makala nyingine mpya ya nadharia.

Usiionee huruma vurugu pia. Ukiipima kwa θ13, sampuli zake kama asilimia 4.4 tu ndizo zenye pembe ndogo kiasi hiki. Hapo juu nimeiacha θ13 nje ya shindano kwa pande zote; ukiiingiza, lazima TM1 nayo iseme mapema ilitarajia θ13 ya ukubwa gani, na hapo watu huanza kubishana.

Halafu hesabu modeli ulizojaribu, pamoja na zile ulizofuta. Ukijaribu 20 kisha ukatuonyesha moja yenye uwiano wa 23, hujatuonyesha kitu. Mimi huandika idadi hiyo pembeni mwa ukurasa, hata ikinitia aibu.

θ23 usiifanyie hesabu hii ya kikokotoo. Data zake zina mabonde mawili, moja chini ya nyuzi 45 na jingine juu, na sigma moja haiwezi kuyaeleza. Pakua jedwali la kai-mraba la NuFIT (namba inayoonyesha kila thamani inavyopishana na data), soma thamani pale modeli yako ilipotabiri, toa ile ya chini kabisa, na hiyo tofauti uiweke mahali pa z². Mahali pa 2.507 mara sigma weka eneo lote lililo chini ya mchoro wa e kwa kipeo cha nusu hasi ya tofauti hiyo, kwa sin²θ23 kutoka 0 hadi 1.