Kufunga DRO kwenye leithi ya zamani: makini na brekiti

Leithi yangu, yaani mashine ya kukereza, ni Colchester ya kale kutoka Uingereza, na alama zote kwenye mikono yake ni za inchi. Kazi zinazoingia karakana yangu hapa Malindi ni za milimita: bushi za shaba, shafti za mashua, shafti za pampu kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni. Thau 1, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi, ni milimita 0.0254, na hesabu hiyo nimeipiga kwa chaki ukutani miaka mingi. DRO, yaani kisomaji cha dijitali, imeniondolea mzigo huo. Faida kubwa zaidi ni kwamba inapima mwendo wa slaidi yenyewe, ile sehemu inayoteleza na kubeba kisu. Skrubu iliyolika unaweza kuirudisha robo mzunguko na kisu kisisogee hata unywele. Skrini haidanganyiki na ulegevu huo.

Ila DRO haiponyi mashine mbovu. Kama gibu, kile kipande kirefu kinachobana slaidi, imelegea, ibane kwanza ndipo uendelee.

Hatua ya 1: Skeli

Skeli ni kama rula ndefu; kichwa kinachosoma hutembea juu yake na kupeleka namba kwenye skrini. Kuna ya kioo na ya sumaku. Ya kioo ni bei nafuu lakini ni nene, na vumbi la chuma likipita kwenye mipira yake inaanza kuruka namba. Ya sumaku ni nyembamba na haijali maji wala mafuta. Mimi nimeweka kioo nyuma ya kitanda, yaani msingi mrefu wa mashine, na sumaku kwenye krosi-slaidi, ile inayosogeza kisu kuingia na kutoka kwenye kazi. Kabla hujalipa, hakikisha plagi na nyaya za kila skeli zinakubaliana na skrini, maana watengenezaji hawafanani.

Kwa krosi-slaidi nunua inayosoma milimita 0.001. Ukinunua ya 0.005, kila hatua yake kwenye kipenyo inakuwa 0.01, na kwa kiti cha beringi hapo hujapima kitu.

Hatua ya 2: Urefu

Peleka sadali, ile inayobeba kisu kwenye kitanda, mpaka mwisho wa kushoto, kisha wa kulia, upime mwendo wote. Chukua skeli inayopita mwendo huo kwa milimita 50 hivi. Kichwa kinachosoma kikigonga mwisho wa skeli ya kioo, umepoteza skeli.

Hatua ya 3: Brekiti

Brekiti ni kipande kinachoshikilia kichwa kwenye mashine. Hapa usiwe na haraka. Namba unayoiona kwenye skrini ni mahali kichwa kilipo kwenye skeli, basi. Brekiti ikipinda kidogo wakati kisu kinakata, skrini itakwambia kisu kimesogea nacho hakijasogea. Brekiti yangu ya kwanza niliikata kwenye bati la milimita 2. Nilikuwa nikiisukuma kwa kidole gumba, namba zinacheza. Niliing'oa siku hiyo hiyo nikatengeneza nyingine ya bapa la chuma la milimita 10, na mpaka leo haijatikisika.

Kitanda ni chuma cha kusubu (cast iron), kwa hiyo toboa kikavu, bila mafuta. Kwa bolti ya M5 tumia drili ya 4.2, kwa M4 tumia 3.3, kisha piga tepu ya kukata uzi taratibu ukirudisha nyuma kila nusu mzunguko. Funika kitanda kwa kitambaa kilicholowa mafuta, maana ule unga mweusi ukichanganyika na mafuta ya kitanda unasaga chuma kama msasa.

Kwenye krosi-slaidi, upande wa chaki, ile inayoshika kazi na kuizungusha, ndiko vipande vya moto vinakoruka, kwa hiyo mimi nimeweka upande wa teilistoki, ule mwisho mwingine wa mashine. Kabla ya kutoboa, angalia kwamba hujafunika skrubu za gibu wala bolti ya kufunga sadali. Utazihitaji.

Sisi wa pwani tuna jambo letu. Mwili wa skeli ni alumini, bolti ni chuma, na hewa ya bahari ina chumvi. Vitatu hivyo vikikutana alumini inaliwa, inatoa unga mweupe, na bolti haifunguki tena. Paka grisi kila uzi na chini ya kila washa.

Hatua ya 4: Kunyoosha

Funga dayali geji, kipimo chenye sindano, kwenye sadali, ncha yake iguse mgongo wa skeli, kisha tembeza kutoka mwisho hadi mwisho. Sindano isizidi milimita 0.1. Fanya hivyo kwa juu na kwa ubavu. Vile vibano vya plastiki vilivyokuja kati ya kichwa na skeli viache hadi bolti zote zikazwe. Ndivyo vinavyoshika nafasi sahihi.

Stendi ya sumaku ya dayali geji usiisogeze karibu na skeli ya sumaku hata mara moja. Itafuta alama zake.

Hatua ya 5: Nyaya

Acha waya uning'inie kidogo chini ya kichwa ili mafuta yadondoke hapo, yasitiririke hadi kwenye plagi. Unganisha ethi kwenye mwili wa mashine, na skrini ipitie gadi kama ya friji, maana stima yetu hukatika na kurudi kwa kishindo.

Hatua ya 6: Kuweka namba

Kata kidogo kipande cha majaribio, usiguse mkono wa krosi-slaidi, kipime kwa mikromita, uingize kipenyo hicho kwenye mhimili wa X, yaani ule wa krosi-slaidi. Halafu hakikisha X iko kwenye kipenyo, si nusu kipenyo. Wiki ya kwanza nahodha mmoja aliniletea shafti. "Mwanangu, inacheza kwenye bushi, nipunguzie nusu milimita unipe bushi mpya." Skrini ilikuwa kwenye nusu kipenyo. Nilisogeza 0.5, shafti ikapungua milimita 1 nzima. Ilibidi nimkerezee bushi nene zaidi kwa shaba yangu mwenyewe, na mzee alisubiri hadi magharibi.

Jambo la mwisho ni slaidi ndogo ya juu. Haina skeli, kwa hiyo ukiizungusha, kisu kinasogea na skrini haina habari. Ifunge, ufanye kazi kwa sadali na krosi-slaidi. Baada ya mwezi rudi na spana ukaze bolti zote upya.