SOMO: Kona za kujifunzia bila watoto kukuchezea shere

Someni hapa kabla ya kunijia inboksi. Wiki hii walimu wanne wameuliza lile lile: nikiwa mezani na kundi moja, nitajuaje wengine wanafanya kazi? Nafundisha P.3 (darasa la tatu la msingi) hapa Busia, Uganda, watoto 64.

1. Makundi 8 ya watoto 8. Kila mtoto ana namba yake, 1 hadi 8, muhula mzima.

2. Kona nne: kusoma, kuandika, hesabu, meza yako. Makundi mawili kila kona, dakika 15, wanahama. Vipindi viwili vimekwisha.

3. Kila kona iache kitu daftarini. Hata ya kusoma: sentensi moja na picha. "Nimesoma, ticha" si kazi.

4. Ukaguzi. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliwapa viongozi wa makundi karatasi ya kuweka tiki. Wiki mbili tiki zimejaa, nami nimefurahi kama mjinga. Siku moja nafungua daftari la mtoto mwenye tiki kumi: kurasa nyeupe, na doa la mafuta. Kumbe tiki moja ilikuwa inauzwa kwa kabalagala moja, kile kitumbua cha ndizi! Sasa nina vizibo 8 vya soda ndani ya kopo, vimeandikwa namba. Mwishoni mtoto anachomoa kimoja. Ikitoka 5, namba 5 wa kila kundi analeta daftari. Madaftari 8, nayamaliza kabla ya kengele ya uji.

ANGALIZO: kizibo kirudi koponi. Mwanzoni sikurudisha, namba 3 walichomolewa Jumatatu, hadi Ijumaa wakawa wanachora magari tu. Na usichomoe mapema, utawapa wengine likizo.

5. Asiyemaliza anamalizia kabla ya mpira.

MASWALI

Ticha Mpole: Mbona unakagua 8 tu? Wengine je?
— Rudia hatua ya 4, taratibu: hakuna anayejua namba gani itatoka, basi wote wanafanya.

Okello wa Tororo: Mimi nina 110.
— Makundi 10 ya watoto 11, vizibo 11, madaftari 10.

Mzee wa Chaki: Kiboko kingemaliza haya yote.
— Sheria ya Watoto ilirekebishwa 2016, viboko shuleni marufuku. Na kiboko hakikuambii nani amesoma.

Madam P.1: Wangu hawajui kuandika bado. Kizibo kitakagua nini?
— Swali zuri, madam. Waache kazi mkekani isivunjwe: mawe yaliyopangwa kumi kumi, kadi za herufi. Anayechomolewa anakuonyesha na kueleza kwa lugha yake, Kisamia au Kiteso. Mmoja wangu alipanga mawe vibaya, akajirekebisha akiwa bado anaeleza. Hilo daftari lisingenionyesha.

Madam P.1: Asante sana. Kadi zangu zinachanika.
— Kata maboksi ya biskuti, bandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo.

Okello wa Tororo: Tia chumvi kidogo, mende hawatakula.
— Kwangu wanakula hata na chumvi.