Jinsi ya Kusafiri kwa Tishari la Kifahari katika Mfereji wa Bourgogne

Hatua ya kwanza: chagua kipande cha mfereji. Mfereji wa Bourgogne nchini Ufaransa, uliofunguliwa wote mwaka 1832, una urefu wa kilomita 242 na malango ya maji 189 (kila lango ni chumba chenye milango, kinachojazwa au kupunguzwa maji ili kupandisha au kushusha chombo), hivyo juma moja hutosha sehemu ndogo tu. Mimi huwashauri wageni wangu bonde la mto Ouche, kati ya Dijon na Vandenesse-en-Auxois, ambako ngome ya Châteauneuf huonekana kilimani muda mrefu kabla ya kufika.

Hatua ya pili: ulizia asili ya tishari. Mengi yaliundwa Uholanzi ili kubeba mizigo, na vyumba vya wageni vimejengwa ndani ya ngama ya zamani, yaani sehemu ya chini ya chombo iliyowekwa mizigo. Kwa kuwa sheria ya Ufaransa ya mwaka 1879 iliweka vyumba vya malango kuwa mita 39 kwa mita 5.20, chombo hakiwezi kupanuliwa; kila mgeni anayeongezwa humpunguzia mwenzake nafasi. Mimi hupendelea tishari lenye wageni wasiozidi wanane. Uliza pia iwapo chumba chako kimepakana na injini, na iwapo bei inajumuisha mvinyo, baiskeli na usafiri kutoka stesheni.

Hatua ya tatu: panga tarehe. Msimu ni Aprili hadi Oktoba, lakini kiangazi kikiwa kikavu maji hupungua, kwa hiyo Mei na Juni ni salama zaidi. Maombi ya viza ya Schengen, inayokuruhusu kuingia Ufaransa na nchi nyingine nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, usiyacheleweshe.

Hatua ya nne: jifunze adabu ya lango. Tishari huingia polepole, ubavu wake ukiwa karibu kugusa mawe. Baharia huzungusha kamba kwenye kigingi cha chuma, milango ya nyuma hufungwa, kisha vilango vidogo vya mbele hufunguliwa na maji huingia yakichemka povu huku kamba ikivutwa kidogo kidogo kadiri chombo kinavyopanda. Wakati huo usiguse kamba, wala usitie mkono au mguu kati ya ubavu na ukuta.

Chombo kikishatulia juu, shuka na baiskeli, ufuate njia ya ukingoni walikopita farasi waliokokota matishari. Mwambie nahodha jina la lango utakalopandia tena, kwa sababu utalifikia kabla yake.