Kupima Alama za Uso wa Riale ya Maria Theresa
Riale hii ya fedha, yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, na uzito wa takriban gramu 28, ilitumika Zanzibar, Oman na Ethiopia kwa muda mrefu, na hata zile zilizofuliwa karne ya 20 ziliendelea kuandikwa mwaka 1780. Kwa sababu hiyo, mwaka huo pekee haukuelezi umri wake.

Iweke chini ya taa moja, ishike kwa ukingo, kisha uiinamishe polepole huku ukitazama kwa kioo cha kukuzia. Tenga kwanza uchakavu na majeraha. Uchakavu hulainisha sehemu zilizoinuka, kama vile nywele na lulu za kishikizo cha begani, ilhali majeraha yanayotokana na sarafu kugongana mfukoni huonekana kama vidonda vifupi vyenye kingo kali. Kidonda kilicho shavuni au kwenye sehemu tambarare mbele ya uso hupunguza daraja (kiwango cha ubora wa sarafu) zaidi kuliko kilichojificha katika manyoya ya tai upande wa pili.

Mistari myembamba sambamba inayokata sehemu tambarare ni dalili ya kusuguliwa ili kuisafisha, kosa ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko uchakavu wa kawaida wa matumizi. Weusi wa asili uachwe ulivyo. Hatimaye chunguza ukingo: riale nyingi zilitiwa kwenye mikufu, na mabaki ya lehemu juu ya maandishi ya Kilatini, au tundu lililozibwa, huiondoa sarafu katika madaraja ya kawaida.